Sita au tisa? Sikio la rubani si anasa

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mkaidi aliyeonywa akapuuza. Hata hivyo, lipo sikio jingine ambalo hufa pasi na ukaidi wowote wa mwenyewe. Huuawa na kelele, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na likishakufa hakuna dawa iwezayo kulifufua. Hili ndilo sikio la msaga unga kinuni, la fundi wa jua kali agongaye mabati kutwa kucha, la dereva wa trekta, na la mtu ninayekusudia kumzungumzia leo: rubani wa helikopta na ndege ndogo.

Huenda msomaji akajiuliza, mwalimu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu marubani? Jambo lenyewe lilinifikia kwa njia ya barua. Yupo binti mmoja wa Ekalakala, katika eneo la Masinga, Kaunti ya Machakos, ambaye aliwahi kuhudhuria mihadhara yangu ya fonetiki kabla ya kubadilisha mkondo wa masomo yake. Sasa anajifunza urubani katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, jijini Nairobi, na nia yake ni kuja kuendesha helikopta. Karo yake imetokana na harambee: watu waliouza mbuzi na magunia ya pojo ili mtoto wa kwao apate kuruka. Juzi aliiomba kamati ya harambee fedha za kununulia kifaa cha kuvaa masikioni ambacho marubani hukiita hedseti. Kamati ilipoambiwa kwamba vipo vinavyouzwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani, ilishtuka. Mzee mmoja aliuliza kama masikio ya marubani yameumbwa kwa udongo tofauti na wetu. Binti akaniomba niiandikie kamati maoni yangu. Kwa kuwa naona suala lenyewe linawahusu walimu na wanafunzi wengi, nimeamua kulijibu hadharani bila kumtaja mtu kwa jina.

Kwanza nakiri kwamba swali la mzee yule halikuwa la kipuuzi. Ekalakala ni mahali ambapo mvua haiaminiki. Kila shilingi inayochangwa kwa ajili ya mtoto mmoja ingeweza kumsaidia mwingine anayerudishwa nyumbani kwa kukosa karo ya sekondari. Mtu aliyeuza mbuzi wake ana haki ya kuuliza fedha zinaenda wapi, na ana haki ya kujibiwa kwa hoja, si kwa dharau za wasomi. Basi na tuzitazame hoja.

Hedseti ya rubani ina kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kulikinga sikio dhidi ya ngurumo ya injini na upepo. Ya pili ni kumletea rubani sauti ya mwongozaji ndege aliye mnarani na ya wenzake waliomo ndani ya ndege. Ya tatu ni kuipeleka sauti yake mwenyewe kwao, kupitia maikrofoni ndogo iliyowekwa mbele ya midomo. Anayedhani kwamba hiki ni chombo cha kusikilizia muziki ameona umbo akakosa kuona kazi.

Tuanze na kinga. Ndani ya ndege nyingi ndogo zenye injini moja, kelele hufikia desibeli kati ya 85 na 100. Helikopta nazo haziko nyuma. Wataalamu wa afya kazini wa taasisi ya NIOSH ya Marekani hupendekeza kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo upunguzwe kwa nusu. Mwanafunzi wa hisabati na apige hesabu: desibeli 88, saa 4, desibeli 91, saa 2, desibeli 94, saa 1, desibeli 97, dakika 30, desibeli 100, dakika 15 tu. Sheria yetu wenyewe, yaani kanuni za kuzuia kelele mahali pa kazi zilizotolewa mwaka 2005, huweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Kwa vyovyote vile, mwanafunzi wa urubani anayeruka saa moja au mbili kila siku bila kinga ya kutosha anakula akiba ya masikio yake.

Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo mno ambavyo hutikiswa na sauti na kuupelekea ubongo habari. Chembe hizo zikifa kwa mwanadamu hazioti tena. Za kwanza kufa kwa sababu ya kelele ni zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000. Mtu huyo haambiwi kuwa ni kiziwi, wala mwenyewe hajioni kiziwi. Anasikia kwamba watu wanasema, ila hatambui wanasema nini. Hulalamika kwamba vijana wa siku hizi wanamumunya maneno.

Kwa rubani, madhara hayaishii hapo. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) humtaka rubani wa ndege za abiria apimwe masikio kwa mashine. Kwa kawaida hatakiwi kuwa na upungufu unaozidi desibeli 35 katika hezi 500, 1,000 na 2,000, wala unaozidi desibeli 50 katika hezi 3,000. Sasa kamati na ijiulize: mafunzo yanayogharimu mamilioni ya shilingi yatakuwa na faida gani iwapo sikio la mwenye leseni litaharibika kabla hajafikisha umri wa miaka 40?

Nije sasa kwenye uwanja wangu, ambao ni lugha. Sauti za usemi hazina nguvu sawa. Irabu, yaani a, e, i, o, u, hutamkwa kwa nguvu na husafiri mbali. Ndiyo maana mchungaji amwitaye mwenzake ng'ambo ya bonde huvuta irabu. Konsonanti kama s, f, t na k ni dhaifu na fupi, na sehemu kubwa ya nguvu ya s iko juu ya hezi 4,000. Redio za mawasiliano ya ndege hazibebi sauti nyembamba kiasi hicho. Zimebanwa chini, takriban kama simu za zamani. Kwa hiyo sauti s humfikia rubani ikiwa tayari imekatwa kichwa. Juu ya hayo, ngurumo nzito ya injini ina tabia ya kuzifunika si sauti nzito wenzake tu, bali hata zile nyembamba zilizo juu yake. Kinachobaki katika neno ni kiunzi cha irabu.

Naomba msomaji achukue kalamu tufanye zoezi dogo. Andika tarakimu za Kiswahili, kisha uzifute konsonanti zote. Moja inabaki o-a. Mbili, i-i. Tatu, a-u. Nne, e. Tano, a-o. Saba, a-a. Nane, a-e. Sifuri, i-u-i. Kila moja ina kiunzi chake, na hata katika kelele unaweza kuikisia. Lakini tazama sita na tisa. Zote mbili ni i-a. Si hivyo tu: konsonanti zake ni zilezile, s na t, ila zimebadilishana nafasi. Sauti mbili dhaifu ndizo zilizopewa kazi ya kutenganisha sita na tisa.

Makumi ndiyo yenye balaa kubwa zaidi. Sitini na tisini zote ni i-i-i. Hamsini na sabini zote ni a-i-i. Thelathini na themanini zote ni e-a-i-i. Ni ishirini na arubaini pekee ambazo hazina pacha wa kuwachanganya watu. Hebu fikiria muuguzi aliye katika zahanati ya mbali, amesimama kando ya kiwanja cha ndege cha vumbi, akimpigia kelele daktari aliyeketi karibu na injini inayonguruma kwamba mapigo ya moyo ya mgonjwa ni "tisini". Daktari akisikia "sitini", atamtibu mgonjwa mwingine kabisa.

Wala hili si jambo la kufikirika tu katika nchi yetu. Huduma ya Madaktari Warukao, ambayo chanzo chake ni shirika la AMREF lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, ina makao yake katika uwanja huohuo wa Wilson. Tangu siku zile, ndege ndogo na redio zimekuwa uti wa mgongo wa kuwafikia wagonjwa mahali ambapo barabara haziendi. Kazi ya aina hii husimama juu ya maneno yanayosikika sawasawa.

Watu wa usafiri wa anga waliligundua tatizo hili mapema, tena waliwaita wanaisimu kuwasaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1940, ICAO ilishirikiana na Jean-Paul Vinay, profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Montréal, ili kutafuta maneno ya kutajia herufi ambayo yangeeleweka na wasemaji wa lugha mbalimbali. Maneno hayo yalijaribiwa kwa wasemaji wa mataifa 31, yakarekebishwa, na orodha inayotumika hadi leo, ianzayo na Alfa, Bravo, Charlie, ilianza kutumika tarehe 1 Machi 1956. Tarakimu za Kiingereza nazo zilitengenezwa upya: tisa hutamkwa "niner" na tano hutamkwa "fife", kwa kuwa "nine" na "five" zina irabu ileile na huchanganywa kirahisi. Uelekeo wa ndege nao husomwa tarakimu moja moja, si kwa makumi na mamia. Sisi tuliofanya zoezi la hapo juu tunajua sababu.

Iwapo yupo anayedhani kwamba hii ni mizaha ya wanafonetiki, na akumbuke yaliyotokea Tenerife, katika Visiwa vya Kanari, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili kubwa, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, katika ukungu. Mnara ulipokuwa ukiiambia ndege ya KLM isubiri, wakati uleule rubani wa Pan Am alisema kwamba wao bado wako njiani. Sauti hizo mbili ziligongana redioni zikawa mlio mkali wa takriban sekunde tatu, na maneno ambayo yangewaokoa watu yakapotea ndani yake. Ndege ya KLM iliendelea kushika kasi. Watu 583 walifariki. Sababu zilikuwa nyingi, nami sidai kwamba kelele peke yake ndiyo iliyoua. Lakini sentensi moja ambayo haikusikika ilikuwa miongoni mwa sababu hizo.

Baada ya hayo, tuzitazame hedseti zenyewe. Ziko za aina mbili kuu. Aina ya kwanza nitaiita hedseti ya kuziba kelele. Hii ina vikombe vigumu vyenye sifongo ndani na pete laini pembeni, na hulikandamiza sikio ili kelele isipenye. Zilizo nzuri hupunguza kelele kwa takriban desibeli 23 au 24 kulingana na vipimo vya maabara. Hazihitaji betri, ni imara, na bei yake huwa dola mia chache. Udhaifu wake ni kwamba huzuia vizuri sauti nyembamba, lakini ngurumo nzito huzipenya.

Aina ya pili ni hedseti ya kufuta kelele. Ndani ya kila kikombe mna maikrofoni ndogo inayoisikiliza kelele iliyopenya, na mtambo wa umeme unaotengeneza sauti iliyo kinyume chake papo hapo. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwaeleza wanafunzi kwa mfano wa mawimbi ya maji: kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la wimbi jingine, maji hutulia. Fikra hii ni ya zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936. Lakini ilichukua miongo mingi kuifanya ifae masikioni mwa rubani. Mwaka 1978, Amar Bose, profesa wa Marekani, alianza kuchora hesabu zake akiwa safarini ndani ya ndege kutoka Ulaya. Mwaka 1986 hedseti za majaribio za kampuni yake zilivaliwa na Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa siku 9 bila kutua katika ndege iitwayo Voyager. Mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani.

Muhimu ni kuelewa kwamba hedseti hizi hazifuti kelele zote. Kasi ya sauti hewani ni takriban mita 340 kwa sekunde. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, kwa hiyo mtambo hupata nafasi ya kulifuatilia na kulipinga. Wimbi la hezi 4,000 lina urefu wa sentimita 8.5 tu, likikosewa kidogo, kinyume chake huja kikiwa kimechelewa. Ndiyo sababu mtambo hufanya kazi katika sauti nzito, na kikombe chenyewe huachiwa sauti nyembamba. Hedseti ya kufuta kelele yenye kikombe hafifu ni kama nyumba yenye mlango wa chuma na dirisha bila kioo.

Hapa ndipo helikopta inapotofautiana na ndege ndogo. Helikopta yenye mapanga mawili yanayozunguka takriban mara 400 kwa dakika humpigia rubani pigo takriban mara 13 kila sekunde. Hiyo ni ngurumo nzito mno. Papo hapo, gia zake, na injini ya tabo ikiwa anayo, hupiga mluzi mwembamba. Kwa hiyo rubani wa helikopta anahitaji yote mawili: mtambo unaoweza kuhimili mapigo makubwa bila kukwaruza, na kikombe kinachoziba barabara. Ndege ndogo ya mafunzo, kama Cessna 172, haina masharti makali kiasi hicho.

Mnunuzi achunguze nini basi? Jambo la kwanza ni plagi. Ndege ndogo nyingi hutumia plagi mbili, moja ya kusikilizia na nyingine ya maikrofoni. Helikopta nyingi hutumia plagi moja yenye jina la U-174. Vipo viunganishi vya kutoka aina moja hadi nyingine. Tahadhari: hedseti kuukuu za kijeshi huweza kuwa na plagi ifananayo na ya helikopta ya kiraia, ilhali ukinzani wake wa umeme ni tofauti. Utaichomeka itaingia, lakini hutasikika.

La pili ni jinsi inavyokaa kichwani. Tofauti kati ya kipimo cha maabara na kichwa cha mtu ni mwanya. Mikono minene ya miwani huacha mwanya. Misuko minene ya nywele inayopita juu ya sikio huacha mwanya, na kitambaa cha hijabu kilichokunjamana chini ya pete huacha mwanya vilevile. Kelele hupita humo kama maji. Mtengenezaji aliyeko ng'ambo hakumfikiria binti aliyesuka kwa ajili ya sikukuu. Kwa hiyo, asikubali kuinunua kwa kuiona pichani. Aivae kwa muda wa saa nzima akiwa na miwani yake na nywele zake kama zilivyo kila siku. Ikimuumiza utosini chini, angani itamwumiza zaidi, naye ataanza kuilegeza, na akiilegeza amepoteza kinga.

La tatu ni maikrofoni. Iwe ya aina ya kukata kelele, na ikae karibu na midomo kiasi cha milimita chache, pembeni kidogo ili pumzi za p na b zisiipige moja kwa moja. Wanafunzi wengi huiacha ikining'inia kidevuni, kisha hupaza sauti. Kupaza sauti hakusaidii; hurefusha irabu na kuziacha konsonanti palepale.

La nne, betri zikiisha angani, je, hedseti itaendelea kupokea na kupeleka sauti? Iwapo hapana, isinunuliwe. La tano, je, pete, sifongo na vipuri vingine vinapatikana Nairobi? Pete iliyopasuka huigeuza hedseti ya bei kubwa kuwa pambo. La sita, asidanganywe na vifaa vya kusikilizia muziki vinavyofuta kelele, kwani havikutengenezwa kwa ajili ya mawasiliano ya ndege. La saba, akishanunua, aruke kwanza na mwalimu wake, asikilize kama ving'ora vya hatari vya ndege hiyo bado anavisikia. Helikopta huwa na king'ora cha kuonya kwamba mapanga yamepunguza kasi. Sauti hiyo haifai kufutwa pamoja na kelele.

Sasa natoa maoni yangu kwa kamati, bila kuzungukazunguka. Binti huyu asinunuliwe hedseti ya zaidi ya dola 1,000 hivi sasa. Kwa mafunzo ya awali katika ndege ndogo, anunuliwe hedseti imara ya kuziba kelele yenye plagi mbili, mpya, si ya mtumba, na ndani yake avae vizibo vya sifongo vya masikio ambavyo bei yake ni ndogo sana. Vizibo hivyo hupunguza kelele zaidi, naye ataongeza sauti ya redio kidogo ili asikie mazungumzo. Hii ndiyo kinga ya maskini, na ni kinga ya kweli. Atakapoingia katika mafunzo ya helikopta, hapo hedseti ya kufuta kelele yenye kikombe kizuri haitakuwa tena anasa, na kamati ianze kuiwekea akiba mapema kana kwamba ni sehemu ya karo. Lakini jambo ambalo halifai kabisa ni kumwambia atumie hedseti za kuazima, zilizochakaa pete, zinazopokezanwa na kila mwanafunzi. Hapo kamati itakuwa imelipia mabawa na kusahau masikio.

Kwa mzee aliyeuliza kuhusu udongo, namjibu kwa heshima: masikio ya marubani yameumbwa kwa udongo uleule, na ndiyo sababu yanahitaji kulindwa. Ya watoto wetu nayo ni vivyo hivyo. Katika kampeni za miaka ya 2013, 2017 na 2022, wanasiasa wengi nchini walitua kwa helikopta kwenye viwanja vya shule, na watoto hukimbia kuzizunguka kana kwamba ni arusi. Walimu wa Ekalakala na kwingineko, wazuieni wakae mbali na wazibe masikio. Vumbi litaoshwa jioni. Kilichokufa sikioni hakioshwi.

Nina ombi jingine kwa walimu wa Kiswahili. Lifanyeni darasani lile zoezi la tarakimu. Mwanafunzi mmoja asimame nyuma ya darasa akisoma namba, wengine wapige madebe, na walio mbele waandike wanachosikia. Hesabuni makosa. Nadhani sita na tisa zitaongoza, na makumi yatafuata. Kisha waulizeni wanafunzi: lugha yetu ingefanya nini?

Jawabu liko karibu kuliko tunavyodhani. Sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu. Kabla ya tisa kuenea, Kiswahili kilikuwa na neno lake la Kibantu, nalo ni kenda. Limo bado katika kamusi, ingawa wengi wa vijana hawalitumii. Futa konsonanti zake: e-a. Hakuna tarakimu nyingine yoyote yenye kiunzi hicho. Kwa maneno mengine, neno tulilolitupa ndilo ambalo lingetuokoa na mkanganyiko ambao Waingereza iliwabidi kuutatua kwa kubuni "niner". Na Wakamba wa Ekalakala hawahitaji kufundishwa neno hilo, maana katika Kikamba tisa ni kenda hadi leo.

Mawasiliano ya anga nchini kwa sehemu kubwa huendeshwa kwa Kiingereza, nami sipendekezi kwamba hilo libadilishwe kesho asubuhi. Lakini ndani ya ndege, baina ya rubani na abiria, baina ya muuguzi na daktari, na kwenye redio za walinzi wa wanyama na waokoaji wa mafuriko, Kiswahili kinasemwa kila siku. Taasisi zinazotumia redio zinaweza kuamua leo kwamba namba zisomwe tarakimu moja moja, na kwamba tisa iitwe kenda. Hatua hiyo haihitaji bajeti. Kamati ya Ekalakala nayo itakutana mwisho wa mwezi. Nimeipelekea nakala ya makala haya, pamoja na mchango wangu mdogo wa vizibo vya sifongo.